Shangazi ametutoka, baba hataki kumtaja. Nimuulizeje habari za dada yake?

Tulizo:
Habari zenu wakuu. Shangazi yangu alifariki miezi mitatu iliyopita. Ndiye aliyenilea tangu nina miaka sita, akikagua madaftari yangu na ile miwani yenye mkono mmoja, upande wa pili kafunga uzi mwekundu. Mimi namlia kama mama. Lakini kwa baba alikuwa dada, dada wa pekee, wamepishana miaka minne, na tangu tumzike baba hajalitamka jina lake. Akitajwa tu anainuka, anakwenda kukaa nje.

Nimebaki na sauti zake kwenye WhatsApp, kama sitini hivi. Zote zinaanza kwa kikohozi kidogo, halafu "Sikia, mwanangu." Ya mwisho alimaliza kuongea akasahau kuzima. Sekunde 47 nzima haongei, nasikia kandambili zake tu sakafuni, moja inaburuzika, kisha mlango. Naisikiliza kila usiku.

Laini yake haijatumika tangu afariki, je, hizi sauti zitapotea? Na la pili, ndilo zito: nataka kumjua alipokuwa msichana, kabla hajawa shangazi wa mtu. Anayejua ni baba peke yake. Nimuulizeje bila kumtonesha kidonda?

Fundi Simu:
Pole sana dada. Sauti ziko kwenye simu yako, laini yake ikifungwa hazifutiki. Kinachofutwa ni akaunti yake ya WhatsApp ikikaa siku 120 bila kuunganishwa, na picha yake pale itaondoka nayo. Kama simu yake imezimwa tangu siku hiyo, umebakiwa na kama mwezi mmoja, ihifadhi leo. Sauti nazo usiiachie simu moja, simu huanguka, huibiwa. Zitume kwenye barua pepe yako, nakala nyingine weka kwenye flashi. Kila moja ipe jina la jambo analolisema, maana tarehe utazisahau.

Mzee wa Kibaraza:
Binti yangu, mimi ni kama huyo baba yako. Nilimzika dada yangu nikiwa na miaka 61. Watu waliuliza hali ya watoto wake, wakauliza hali ya mumewe, na walifanya vema. Mimi niliulizwa tu kama viti vinatosha. Kiswahili cha zamani kina neno *umbu*, yaani dada wa mwanamume au kaka wa mwanamke. Siku hizi halisikiki, na naona hata msiba wake hausikiki.

Dada ndiye aliyekuwa ananisahihisha nikisimulia utoto wetu. Sasa naweza kusema lolote, hakuna wa kunibishia, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Kwa hiyo usimuulize anajisikiaje. Muulize kitu kidogo: nani alikuwa na mbio zaidi? Nani alichapwa kwa kosa la mwenzake? Na muulize mikono yenu ikiwa na kazi, msitazamane usoni.

Mama Wawili:
Nakubaliana na mzee, ila usimwekee hiyo sauti ghafla. Mimi nilimwekea mama sauti ya mdogo wake bila kumwandaa, akakaa siku mbili hali chakula. Mwambie kwanza unayo, aamue mwenyewe.

Tulizo:
Mrejesho, na asanteni sana. Sauti zote nimezihamisha. Jumapili tulikuwa tunakunja nguo za shangazi, nikamwambia baba ninayo sauti yake moja ambayo haongei, ni hatua tu, akitaka. Hakujibu. Tulikunja mpaka zikaisha, ndipo akasema, "Ilete."

Alisikiliza ameinamisha kichwa. Kandambili ilipoburuzika akasema, "Huo ni mguu wa kushoto." Nilikuwa sijui. Kumbe shangazi aliumia akiwa na miaka kumi. Aliruka ukuta na baba mgongoni, akajipinda hewani ili asimwangukie. Nyumbani akasema aliteleza. Baba ndiye aliyemlilia apande ule ukuta, na shangazi hakumsema kwa mtu yeyote, maisha yake yote.

Akaomba nimtumie na yeye. Akairudia mara mbili, halafu akamwita kwa jina, jina la utotoni ambalo mimi sijawahi kulisikia.