Tupeane uzoefu: nyinyi watoto mwawapeleka wapi kucheza? (Kiembeni, Bamburi na mitaa ya karibu, Mombasa)

Mama Wawili
Asalaam aleikum na habari za jioni kwa wote. Jana nimeshtuka mpaka leo moyo haujatulia, ndo mana naandika. Sisi twakaa Kiembeni, ghorofa ya pili, ploti ya nyumba kumi na mbili, watoto wote wachezea pale chini kwenye pakingi kwa sababu pengine hakuna. Jana saa kumi na moja hivi jirani alikuwa arudisha gari nyuma, mpira ukaingia chini ya gari, kijana wangu wa miaka saba akaufuata vivyo hivyo, akalala tumbo. Mimi niko juu naanika nguo, namuona, na sauti haitoki. Aliyemuokoa ni binti wa keateka, yule mtunza ploti, alikuwa na kopo la kuchotea maji mkononi, akalipiga lile gari na kopo mara tatu jirani akasimama. Baina ya tairi na kisigino cha mwanangu palibaki kama kiganja. Jirani aliposhuka akaona, alikaa pale pale kwenye simiti akalia, mtu mzima na ndevu zake. Sina ugomvi naye, wala yeye hakukosea. Nauliza tu nyinyi wenzangu mwafanyaje, mwawapeleka wapi? Mdogo ana miaka mitatu. Na sitaki mahali pa kulipa maelfu.

Dada wa Mshomoroni
Pole mwaya. Pakingi ndo uwanja wetu sote siku hizi.

Ami wa Majengo
Pole sana mwanangu, mshukuru Mungu na binti wa keateka mtafutie zawadi. Umenikumbusha sisi tulivyokuwa. Tulikuwa twangoja Idd mwaka mzima kwa ajili ya pembea za Makadara, ile ya mbao ya kuzunguka, vijana wawili wakiizungusha kwa mikono, ukifika juu wayaona mapaa ya mtaa wote na tumbo limebaki chini. Pesa ya Idd yote yaishia pale, kidogo pembea, kidogo mabuyu, kidogo barafu ya ukwaju. Siku zisizo Idd twacheza vichochoroni, na kila baraza ina bibi amekaa, ukifanya upuzi mtaa wa kwanza habari yafika nyumbani kabla yako. Ile baraza ndo ilikuwa ulinzi. Ghorofa hazina baraza.

Baba Pacha
Wewe uko Kiembeni na wauliza? Haller Park, ile bustani ya wanyama, si hapo Bamburi tu. Nenda alasiri wakati twiga walishwa, watoto wapewa chakula mkononi na twiga aja kukichukua kwa ule ulimi wake mrefu wa rangi ya giza, unakwaruza. Wangu mmoja alicheka mpaka akakaa chini, pacha wake akatupa chakula chote akanikwea shingoni. Na kuna ya kuwafunza pia. Pale palikuwa shimo la kuchimbwa mawe ya saruji, peupe, hakuna hata jani. 1971 yule Mswisi, René Haller, akaanza kupanda miti, mingi haikushika, mvinje ndo ukashika. Majani yake makavu yakawa yarundikana tu hayaozi, wakaletwa majongoo wakayala, udongo ukaanza kupatikana hivyo. Sasa wanangu wakiona jongoo nyumbani hawamkanyagi tena, mmoja humbeba na kijiti mpaka nje ya geti. Na kuna kisa cha Mzee, yule kobe mkubwa aliyefanya urafiki na kiboko mchanga Owen, aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004. Wasimulie njiani kabla hamjafika. Na beba kitambulisho, bei ya mkaazi si sawa na ya mgeni.

Dada wa Mshomoroni
Ni pazuri sikatai, lakini amesema hataki kulipa. Watoto wanne na baba na mama na nyanya mlangoni, bado tuktuk, bado soda, hiyo ni ya mara moja kwa mwaka. Mtoto acheza kila siku.

Baba Pacha
Sikusema aende kila siku. Na ile miti na wanyama yatunzwa kwa nini kama si tiketi?

Dada wa Mshomoroni
Sawa. Lakini mahali pa mtoto kukimbia pasiwe kitu cha kununua. Hilo silirudishi nyuma.

Kijana wa Kuze
Laithausi! Ile bustani ya Mama Ngina kando ya bahari ni bure, tangu ijengwe upya 2019 ni nafasi kubwa, watoto waendesha baiskeli, mibuyu ya kivuli ipo, mihogo ya kukaanga na pilipili na ndimu, madafu, upepo mtupu. Nenda Jumapili jioni kumechangamka.

Mama Nyota
Jumapili jioni usiende na wa miaka mitatu! Watu kama siafu, mkono ukikuteleza ushampoteza. Nenda katikati ya wiki asubuhi.

Kijana wa Kuze
Katikati ya wiki asubuhi watoto si wako shule mama?

Mama Nyota
Wa miaka mitatu yuko shule gani? Basi Jumamosi asubuhi. Na popote uendapo mwandike nambari yako ya simu mkononi kwa peni, pale ndani ya mkono asipojifuta. Na slaidi ya bati usimpandishe mchana kabla hujaigusa na mkono wako. Mjukuu wangu aliteleza saa saba kavaa kaptula, mapaja yalivimba malengelenge.

Mkamwana wa Bamburi
Nimesoma ile ya mpira nikaweka simu chini, nimeichukua tena sasa. Wacha niseme yangu, ni mwaka wa nne na sijawahi kuyaandika. Mimi nimeolewa huku, kwetu ni Machakos, bahari nilikuwa naijua kwa uzuri wake tu. Tulienda ufuo wa Jomo Kenyatta, pale Pirates, Disemba shule zimefungwa, mimi, mama mkwe, mtoto wangu mchanga, na mtoto wa wifi yangu, wa miaka minane, nilikabidhiwa mimi. Tulifika saa sita maji yako mbali, mchanga umelala mpaka mtu wa kule aonekana kama kidole. Tukatandika mkeka. Maji yakawa yaja, twasogeza mkeka, yaja, twasogeza, mara tatu, sisi tunacheka. Mtoto akataka tyubu, zile za matairi wanazokodisha, nikatoa hamsini. Tyubu yake imeandikwa 14 kwa rangi nyeupe. Nikamwambia usipite pale walipo wenzako, akaitikia, na kweli alikuwa pale, watoto wamejaa, mimi nikaona ametulia kama aliyekalia kiti.

Saa kumi na moja kitu nikainama kumbadilisha mtoto mchanga nepi. Nepi tu. Nilipoinuka nikamtafuta, tyubu zote nyeusi, vichwa vyote vimelowa vyafanana. Mama mkwe akasimama akasema neno moja, "Maji yageuka." Mimi sikuelewa, nikadhani azungumza habari ya rangi ya maji. Kisha nikaiona fulana ya manjano. Iko nyuma ya watoto wote, mbali na ubavuni, yaenda upande wa Nyali na yaenda nje. Na hakuwa analia. Alikuwa anatupungia mkono. Amefurahi, ajua twamtazama anavyokwenda. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimpungia, mkono ulienda wenyewe kabla akili haijafika.

Mwenye tyubu alikuwa ashahesabu zake akakosa moja. Alipita mbio mbele yetu na mwenzake wakaingia. Mmoja kila akiinua kichwa apiga kelele "usishuke! shika kamba! usishuke!" kwa sababu mtoto alipoona watu wamfuata akaanza kuogopa, akawa ataka kuruka aje mwenyewe. Walipomshika sikuelewa kwa nini hawarudi kwetu, wamekata ubavu na pwani wanazidi kwenda, mimi nikawa napiga mayowe wamwibia wapi mtoto. Tukakimbia ufuoni, mama mkwe ana miaka sitini na kitu kafunga leso yake kiunoni na mtoto wangu mchanga kwapani, twapita ngamia, twapita watu wakila. Walitokea mbali sana na mkeka wetu. Kitu cha kwanza mtoto kuniuliza, "Anti, umeniona nilivyofika mbali?"

Wale vijana walikataa pesa, walichukua ile hamsini ya tyubu basi. Mama mkwe hakunigombeza hata kidogo, alimuosha mtoto kwa maji ya kunywa, usiku ndo akanikalisha jikoni akanifunza maji, kupwa na kujaa, bamvua ya maji makubwa na maji mafu yaliyo madogo, mpaka nikajua. Wifi yangu aliambiwa mtoto alienda mbali kidogo akarudishwa. Ile ya kwamba nilimpungia hajui mpaka leo.

Dada wa Mshomoroni
Mwili wote umenisisimka.

Binti Mtopanga
Nimelia kwenye matatu mimi.

Nahodha Mstaafu
Pole, lakini lazima isemwe. Bahari si uwanja wa michezo. Watu waja kutoka bara hawajauliza hata maji yajaa saa ngapi, wampakia mtoto kwenye tairi. Kila Disemba ni hayo hayo.

Kijana wa Kuze
Hapana mzee wangu, kwa heshima zote, hapo umekosea. Hajaja kutalii, ni mkamwana wa hapa, na amekueleza jambo ambalo hajamwambia hata wifi yake. Mimi nimezaliwa Kuze, Ngome ya Fort Jesus iko pale natazama, na kakangu mkubwa alichukuliwa na maji hivyo hivyo nyuma ya Ngome tukiwa wadogo, akaokolewa na wavuvi. Baba alikuwa mpwani na babu yake mpwani. Maji hayaulizi kabila.

Nahodha Mstaafu
Nimekuelewa. Mkamwana, niwie radhi, maneno yalinitoka kwa uchungu, nimevuta wengi majini na si wote walikuwa hai. Wacha niseme linalofaa. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ndo bamvua, maji yaenda mbali na yarudi kwa nguvu. Siku hizo hapa kwetu yapwa saa nne, saa tano asubuhi, yajaa saa kumi, saa kumi na moja jioni, baada ya hapo yavuta kwenda nje. Kila siku yachelewa kama dakika hamsini. Kwa mtoto mdogo nenda maji yakiwa yamepwa, akae kwenye vidimbwi vya mchangani, na yakianza kurudi muondoke. Kwenye tyubu asikae peke yake, mtu mzima asimame majini ameshika kamba. Na wale vijana walikata ubavu kwa sababu wajua, ukipigana na mkondo uso kwa uso wakuchosha.

Mkamwana wa Bamburi
Yamekwisha baba, shukrani. Hayo ya bamvua ndo hasa aliyonifunza mama mkwe, na hayo ya mkondo nimeyaelewa leo.

Mama wa Mikindani
Naomba niingize na la kwangu. Wangu ana miaka tisa atumia kiti cha magurudumu. Mchangani kiti hakiendi, kwenye pembea hakuna aliyemfikiria. Alipotuona twasoma haya akaniambia sema Mama Ngina. Pale njia ni sawa, namsukuma mwenyewe, na twakaa upande wa mlango wa bahari meli zikiingia Kilindini zapita karibu mpaka waona mabaharia. Yeye asoma jina la kila meli na kuliandika kwenye daftari, ana daftari la pili sasa. Lakini ngekuwa na ombi moja kwa wanaojenga hivi viwanja, wekeni hata pembea moja ya kiti chenye mgongo na mkanda. Moja tu. Mwanangu hajawahi kupanda pembea.

Fundi wa Kisauni
Dada, mimi nachomelea vyuma. Nitumie vipimo vya mtoto kwa inboksi, kiuno na mgongo na urefu wa miguu. Pembea tutaifunga kwa mwembe wa kwangu tuijaribu kwanza na gunia la mchanga la uzito wake.

Mama wa Mikindani
Nakutumia sasa hivi.

Binti Mtopanga
Nyote mwasema ya mbali na mwenzetu aulizia ya karibu. Mtaani kwetu kulikuwa na kiwanja, kwenye ramani ya mtaa kimeandikwa ni cha wote, tumecheza pale mimi na ndugu zangu. Asubuhi moja tukaamka kimezungushiwa mabati. Wazee walizunguka ofisi kwa ofisi wakachoka. Mama Wawili, kama karibu nanyi kuna kipande hata cha nusu ploti kimebaki, pigeni sachi kwa ofisi ya ardhi mujue ni cha nani, na pandeni miti, wekeni goli, watoto wawe pale kila jioni. Kipande kitupu ndo huliwa upesi.

Baba Pacha
Goli bila hati haizuii mabati.

Binti Mtopanga
Najua. Ndo mana nimeanza na sachi.

Mama Wawili
Nimewasoma wote, nimesoma ya Mkamwana mara mbili. Leo nimerudi kuwaambia tulipofika. Yule jirani aliyelia ndiye aliyepita mlango kwa mlango. Kuanzia saa kumi mpaka magharibi magari yote yalala nje ya geti upande wa ukuta, keateka afunga geti, na kila siku mama mmoja ashuka na kiti chake akae pale, hatushiki simu. Ami, hiyo ndo baraza yetu. Leo ilikuwa zamu yangu. Wamechora kandanda kwa mkaa kwenye simiti, goli ni ndara mbili mbili. Kesho Jumamosi twataka kuwapeleka wote baharini, watoto kumi na mmoja, tuktuk tatu. Nahodha, mwezi si uliandama jana?

Nahodha Mstaafu
Uliandama Alhamisi. Fikeni saa tatu na saa sita muwe mshakunja mkeka. Nami nitakuja, niko karibu.