Eti vidole vyangu ni vya kumegea ugali!! Mwalimu wa gitaa leo umenikosea sana

Wakuu nimeingia nyumbani sasa hivi, hata viatu sijavua, gitaa lipo kwenye begi lake hapo mlangoni na sitaki hata kuliangalia. Mods naomba msiuhamishie huu uzi kule burudani maana hapa hakuna burudani yoyote, mtu nimetukanwa.

Yule mwalimu simtaji, wote mnamjua, yule wa matangazo ya "masomo ya mtu mmoja mmoja, kila mwanafunzi kwa kiwango chake, kuanzia asiyejua kabisa mpaka aliyebobea". Ndiyo, yule yule wa kofia ya pama. Leo kaniambia mbele za watu, "mzee wangu hivi vidole Mungu kakupa vya kumegea ugali, gitaa tuachie sisi". Mbele ya mtoto wa miaka tisa. Na mama yake yupo!

Ngoja nianzie mwanzo maana nina hasira naruka ruka tu. Mimi nina miaka 44. Marehemu baba alikuwa na redio moja ya mbao, Radio Tanzania Dar es Salaam haizimwi, na solo la Mbaraka Mwinshehe likianza mzee alikuwa ananyamaza kimya hata kama yuko katikati ya kutuchapa, fimbo inabaki hewani mpaka gitaa limalize. Mbaraka alishafariki 1979, mimi hata sijazaliwa, lakini lile gitaa ndilo lililonilea. Miaka yote nasema ipo siku. Mwaka huu nikasema siku ndiyo hii, nikanunua gitaa, nikaenda kwa huyo bwana.

Akanipa fomu kurasa mbili. Umewahi kushika chombo? Unataka mtindo gani? Una muda gani wa mazoezi kwa siku? Nikajaza kama najaza fomu ya kiwanja, nikaandika dansi la zamani, gitaa la solo, nusu saa kila usiku watoto wakilala. Nikalipa laki tatu taslimu, masomo 12. Somo la kwanza napewa karatasi ya fotokopi ina kodi za G, D, Em na C (kodi ni nyuzi kadhaa unazozipiga zilie pamoja), juu kuna jina la mtu mwingine limekatwa kwa peni. Kumbe yule mtoto anayo hiyo hiyo, na kuna dada wa kwaya anapiga miaka sita anajiandaa kurekodi, naye anayo hiyo hiyo! Sasa kiwango chake ndiyo kipi? Ni sawa na duka la viatu lina namba 42 tu, mtoto avae 42, bibi avae 42, ukilalamika miguu yako ndiyo mibaya.

Leo somo la tisa tumefika kodi ya F. Wanaopiga wanaijua hiyo shughuli, kidole cha shahada unakilaza juu ya nyuzi zote sita kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vilivyolala kwenye shingo ya gitaa) halafu vingine vitatu vinajipanga nyuma yake. Mimi nyuzi mbili zinalia, nne zinakoroma. Nimebana mpaka jasho limedondokea ndani ya tundu la gitaa. Namwita mwalimu, mwalimu yuko kwenye simu dakika ishirini anacheka na mtu wake, muda wangu huo nimeulipia mimi. Alipokuja hakuangalia gitaa, hakuniambia sogeza kidole wala shusha kiwiko. Kaushika mkono wangu, kaunyanyua juu kama mtu anapima kuku mnadani, kaugeuza huku na huku, kamwonyesha yule mtoto, ndiyo akasema maneno yake ya ugali.

Yule mama kacheka mpaka kanga ikamdondoka begani. Mtoto kaniambia "pole babu". BABU.

Huyu mwalimu hajui kwamba yule mpiga gitaa wa jazz Django Reinhardt aliungua na moto mwaka 1928, vidole viwili vya mkono wa kushoto vikawa havifanyi kazi, akapiga solo zake kwa viwili vilivyobaki dunia nzima ikasimama? Mimi vyangu vizima vyote, naambiwa vya ugali. Mkono wangu kaunyanyua juu wakuu, kama kuku. Hela sidai. Nataka aniombe radhi mbele ya yule mtoto, hapo hapo kwenye kile kiti.

Ngosha wa Mjini
Pole sana mkuu, ila tupia picha ya hivyo vidole tujiridhishe, hatuwezi kumhukumu mwalimu kwa kusikiliza upande mmoja.

Mama Wawili
Hahahaha nimecheka hadi mume wangu kaamka. Kuku wa mnadani jamani!! Huyo mwalimu namjua, dada yangu alijiunga kwake akitaka nyimbo za kanisani, kapewa karatasi hiyo hiyo ya G na D, na yake ilikuwa na doa la chai.

Mleta uzi
Mama Wawili hilo doa la chai hata yangu inalo!!! Ina maana anatoa kopi ya kopi. Asante kwa kunithibitishia.

Chuma cha Reli
Miaka 44 unaanza gitaa ili iweje mkuu? Nunua shamba.

Fundi Nyuzi
Achana na Chuma cha Reli. Mleta uzi nisikilize, natengeneza magitaa miaka mingi. Pima urefu kati ya uzi mnene na freti ya 12. Ikizidi milimita 3 tatizo ni gitaa, vidole vyako havina kosa. Magitaa mengi ya bei ya chini yanakuja nyuzi ziko juu na kile kimfupa cheupe karibu na vichwa hakijachongwa vizuri, ndiyo maana freti ya kwanza ngumu kama kubana waya wa uzio. Kichongwe kidogo, vua nyuzi za 0.012 weka nyembamba zaidi za 0.010 (huo ni unene wa uzi mwembamba kwa inchi). Halafu umbo hilo hilo la F lipeleke freti ya 5, hapo inakuwa A, nyuzi ni laini zaidi kubana. Ukizoea huko rudi chini freti moja moja. Mwalimu wa mtu mmoja mmoja hicho ndicho kitu cha kwanza anatakiwa kuangalia, mkono wa huyu na chombo cha huyu. Zaidi ya hapo analipwa kwa lipi?

Mleta uzi
Fundi nimepima na rula ya mtoto sasa hivi. MILIMITA 4 NA NUSU. Masomo tisa! Mtu kaliona hilo gitaa masomo tisa halafu kasema ugali. Nimepiga umbo hilo freti ya 5 imelia nyuzi tano aisee, tano, mke wangu kaja kuangalia kuna nini.

Mzee wa Rumba
Vijana mnadekezwa. Sisi tulijifunza kwa kubeba spika za bendi, unabeba mwaka mzima ndiyo unaruhusiwa kugusa gitaa la rithimu, solo uliona kwa macho tu. Mwenda Jean Bosco yule wa Katanga, yule mzungu aliyekuwa anazunguka Afrika kurekodi muziki, Hugh Tracey, alimrekodi mwaka 1952, mkono wa kulia anatumia gumba na shahada basi, ukisikiliza utadhani wako wawili. Nani alimpa fomu kurasa mbili? Mimi mpaka leo kuna bendi inanidai... yaani mimi naidai, nimepiga harusi tatu sijalipwa hata nauli na kiongozi wao mnamjua.

Dada Kinanda
Afadhali wewe umeambiwa vidole. Mimi mwalimu wangu wa kinanda aliniambia nina masikio ya mlango. Nikaacha. Leo ndiyo nagundua nilipaswa kugombana.

Mleta uzi
Dada Kinanda usikubali rudi kwenye kinanda. Na wakuu turudi kwenye mada, mkono wangu ulinyanyuliwa JUU.

Mpangaji Sugu
Samahani nimechelewa. Hiyo kodi ya F ni ipi? Mimi nimeona neno kodi nikaja mbio nikidhani tunamjadili mwenye nyumba wangu.

Ngosha wa Mjini
Hahaha hiyo ni kodi ya gitaa mkuu. Ila hebu tuambie, mwenye nyumba kafanya nini?

Mpangaji Sugu
Anataka ya mwaka mzima kwa mkupuo. Nimeomba nilipe miezi sita kanijibu kwani wewe unalala nusu nusu? Mbele ya wapangaji wenzangu wote, tumepanga foleni ya maji na ndoo mkononi.

Mama Wawili
Wa kwangu anapandisha kila akiona nimenunua kitu. Niliingiza friji, ikapanda elfu ishirini. Sasa hivi kapeti nimeliingiza usiku limefungwa kwenye shuka kama mgonjwa.

Chuma cha Reli
Ndiyo maana nikasema nunua shamba.

Mleta uzi
Jamani huu ni uzi wa gitaa.

Dada Kinanda
Wa kwangu kakata umeme wa korido eti tunachaji simu sana. Mimi nina luku yangu! Wiki ya pili tunapanda ngazi kwa tochi.

Mpangaji Sugu
Dada Kinanda uko maeneo gani? Isije ikawa ni huyu huyu, wangu ana gari la bluu halina taa moja.

Dada Kinanda
LA BLUU!! Taa ya kushoto?

Mpangaji Sugu
Ya kushoto.