Wajukuu wa Bi Mwana: usiku wa kumkumbuka Farrokh

Rahma: Assalaam alaykum wote, shikamooni wakubwa. Jamani nina ombi. Chuoni tumepewa kazi ya kuandika maisha ya mwanamuziki mmoja wa roki ila hawataki tarehe na tuzo, wanataka tumwone kwa macho ya watu waliomjua, waliokaa naye wakala naye. Mi nimemchagua Freddie Mercury. Mwenye kitu alichosoma au kusikia anitupie hapa 🙏🏾

Idi: Waalaykum salaam mdogo wangu, umechagua mtu. Juzi nimetoka zamu nikapita pale ilipokuwa nyumba yake Kensington, hapahapa London, ukuta mrefu na kimlango cha kijani, na mvua ile bado kuna watu wamesimama tu wanaangalia ukuta

Ami Suleiman: Marahaba mwanangu. Andika kwanza jina lake. Farrokh Bulsara. Kazaliwa hapahapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, wazee wake Waparsi waliotoka India, baba yake Bomi alikuwa keshia wa mahakama enzi za Mwingereza.

Rahma: Ami kwani we ulimjua??

Ami Suleiman: La. Sitaki kukwambia uongo. Walimpeleka bweni India, Panchgani, akiwa na miaka 8 tu, karudi kishakuwa kijana, mara Mapinduzi haya Januari 1964 na mwaka uleule familia yote ikahamia Uingereza, sehemu inaitwa Feltham. Sasa mtu wa hapa kumjua kweli lazima awe mtu wa nyumbani mwao. Wengi wanaohadithia watalii kwamba walicheza naye wanaongeza chumvi.

Mama Rahma: Miaka minane mtoto anapelekwa ng'ambo ya bahari 😢 mama yake aliwezaje jamani

Shangazi Zuhura: Wifi ndo ilivokuwa kwa wenye kazi za serikali wakati ule. Lakini mi naamini kile kitu hakikumtoka. Nimesoma yule aliyekuwa msaidizi wake, anaitwa Peter Freestone, alikaa naye kama miaka 12 mpaka siku anakufa, anasema Freddie hakupenda kabisa kuwa peke yake ndani ya nyumba. Nyumba kubwa vile na bado anataka asikie mtu jikoni. Huyo ni mtoto wa bweni Rahma, liandike hilo

Rahma: Naandika Shangazi. Ila mi nilidhani alikuwa mtu wa makelele, ukimwona kwenye steji ile

Idi: Hapo ndo wote waliomjua wanakosahihisha. Brian May yule mpiga gitaa, Roger Taylor wa dramu, wenzake wa bendi ya Queen, wote wanasema alikuwa mtu wa haya. Waandishi wa habari aliwakwepa miaka mingi, na alikuwa anaziba mdomo kwa mkono akicheka kwa sababu ya meno yake, alikuwa na meno manne ya ziada yamesukuma ya mbele, na pesa zote zile akakataa kuyatengeneza kwa hofu sauti isije ikabadilika

Mama Rahma: Subhanallah, mtu anaimbia uwanja mzima na bado anaziba mdomo akicheka

Idi: Haya ila msiongezee haya mpaka mkasema hakujiamini, alijiamini mno. Kabla ya Queen, Brian na Roger walikuwa na bendi inaitwa Smile, Freddie rafiki tu anafuatana nao, anakaa kwenye watazamaji anawapigia kelele kwamba mngenipa mimi niimbe mngeona inavofanywa. Na wala hakuwa mwimbaji wao! Mwaka 1970 mwimbaji wao akaondoka, bas akaingia yeye, na jina Queen kalitoa yeye na nembo kaichora yeye maana alisomea uchoraji chuo cha Ealing

Rahma: Na walikuwa hawana hela?

Idi: Hela gani. Yeye na Roger walikuwa na kibanda soko la Kensington wanauza mitumba. Brian anahadithia kuwa Freddie alikuwa anachomoa kitambaa kwenye mfuko, kimechanika hakitamaniki, anakinyanyua juu anasema tazama vazi zuri hili tutapata pesa nyingi, Brian anamwambia hili tambara ndugu yangu. Na lile tambara alikuwa analiuza kweli

Shangazi Zuhura: Mashaallah. Mwenye jicho lile hata angeshika nini angefika.

Ami Suleiman: Mimi nina neno langu na mnisamehe. Mtu kazaliwa hapa, kanywa maji ya hapa, kabadilisha jina, kaenda duniani kote kuimba na hapa hakurudi hata siku moja, na kwenye mahojiano Unguja haitaji ila kwa nadra. Sisi ndio tunamng'ang'ania leo kwa ajili ya watalii. Mwaka 2006 walitaka kumfanyia sherehe ya miaka 60 hapa pwani, watu wa dini wakapinga, ikavunjwa. Kwa hiyo alikuwa wetu au hakuwa wetu?

Idi: Mjomba kwa heshima zote, familia iliyoondoka 1964 na masanduku mawili matatu haiwezi kusimulia kwao kwa raha. Mi mwenyewe hapa nilipo kuna vitu sijawahi kuwahadithia wenzangu wa kazini. Si kwamba sipapendi

Ami Suleiman: Hilo nakupa.

Rahma: Ami mi nina kitu. Nimesoma Brian anaelezea siku za kurekodi ule wimbo wao mrefu wa 1975, Bohemian Rhapsody, ule wenye "Bismillah" ndani, anasema Freddie alikuja na vikaratasi kibao vya kazini kwa baba yake kaviandika noti kisha anaipiga piano kama mtu anayepiga ngoma. Wimbo wote alikuwa nao kichwani wao hawajui unakwenda wapi, wanaambiwa tu imba hapa, imba tena, sauti juu ya sauti mpaka utepe ukalika ukawa unaona upande wa pili. Mi nimeganda kwenye vile vikaratasi. Wimbo umekaa namba moja Uingereza wiki 9 na umeanzia kwenye karatasi za ofisini kwa mzee Bomi!!

Mama Rahma: Kumbe baba alikuwemo mwanzo mwisho ❤️

Shangazi Zuhura: Na paka mwanangu usisahau. Alikuwa na paka wengi na kila mmoja ana jina lake. Huyohuyo Freestone kasema akiwa safarini na bendi alikuwa anapiga simu nyumbani, Mary anamnyanyua paka mmojammoja anamweka kwenye simu ili aongee nao

Mama Rahma: Mary ndo nani wifi?

Shangazi Zuhura: Mary Austin. Walikuwa wachumba ujana wao, mapenzi yakaisha lakini udugu haukuisha. Nyumba kamwachia yeye. Alipochomwa, maana walimchoma, majivu aliyachukua Mary akayapeleka anakokujua yeye, kamuahidi hatasema na mpaka leo hajasema. Watu wa magazeti wamemzunguka miaka zaidi ya 30. Yule mwanamke namvulia kilemba

Ami Suleiman: Mwenye kutunza amana ni mtu. Hilo nami nasema, dini yoyote awe nayo.

Rahma: Sasa nifikie mwisho wake jamani naogopa kuandika vibaya. Naandika ugonjwa?

Idi: Andika. Ni UKIMWI, usizunguke. Mwenza wake Jim Hutton kasema vipimo vilitoka 1987. Wenzake kwenye bendi aliwaambia baadaye akawaomba isitoke nje, waandishi wanawauliza wao wanakataa, na Brian anakiri kabisa kwamba walificha ili kumlinda. Kuna jambo moja amelihadithia Brian mi kila nikilikumbuka nashindwa. Wako mezani wanakula, Freddie keshadhoofu, mguu umeharibika vibaya, akawaonyesha. Brian sura ikambadilika. Freddie akamuomba radhi. Akamwambia samahani Brian nimekutia huzuni. Mwenye mguu ni yeye, maumivu yake, anamuomba radhi anayetazama

Mama Rahma: 😭😭

Rahma: Kaka Idi..

Idi: Na hapohapo anaimba bado. Mei 1991 wako Montreux, Uswisi, anawaambia niandikieni chochote, mistari yoyote, mi nitaimba, mtamalizia wenyewe nikishaondoka. Brian anaandika ubeti, Freddie anaukamata palepale, anapiga funda la vodka, anasimama kwa shida anaimba sauti inakwenda juu kule huamini ni mgonjwa. Wamefika ubeti wa mwisho akasema nimechoka naenda kupumzika nitarudi kumalizia. Hakurudi. Ukisikiliza ule wimbo, Mother Love, mwisho anaimba Brian, sauti inabadilika na unajua kwa nini

Rahma: Albamu yenye wimbo huo, Made in Heaven, ikatoka 1995 si ndio? Miaka minne baadaye

Idi: Ndio. Novemba 1995. Tangazo kwamba anaumwa lilitoka 23 Novemba 1991, kesho yake jioni akafa. Miaka 45.

Rahma: Siku moja tu 😔 na mwaka uliofuata wenzake wakajaza uwanja wa Wembley kwa tamasha la kumkumbuka, 20 Aprili 1992, hela zikaanzisha mfuko wa kupambana na UKIMWI, Mercury Phoenix Trust. Hiyo ndo ninayo

Idi: Na ujue dawa za mchanganyiko zenyewe zilikuja kushika kasi 1996. Miaka mitano tu. Hapa hospitali ninapofanya kazi nawaona wazee wameishi na virusi miaka 30 wanakunywa kidonge wanaenda zao kwa wajukuu. Nikiwaona namfikiria yeye

Rahma: Shangazi mbona kimya? Nakuona unaandika unafuta unaandika unafuta

Shangazi Zuhura: Nipo.

Shangazi Zuhura: Kaka Suleiman nikisema utanikasirikia?

Ami Suleiman: Sema.

Shangazi Zuhura: Rahma mwanangu kanda ya kwanza ya Queen kuingia nyumba yetu aliileta kaka yetu marehemu, ami yako ambaye hukumkuta. Alitoka nayo Dar. Alikuwa na gitaa lake la kushonea nyuzi alizoziokota huku na huku, anakaa kibarazani anarudisha kanda kwa kalamu ili betri zisiishe, anasikiliza kipande anakipiga, anarudisha tena, majirani wanamwambia punguza kelele za makafiri hizo naye anacheka tu, na mimi ndo nilikuwa namshikia redio. Kafa 1993. Tuliwaambia watu kifua kikuu. Hata nyie watoto tumewaambia kifua kikuu mpaka leo. Hakikuwa kifua kikuu peke yake. Nimesema. Miaka yote hii nilikuwa naona nikitamka nitakuwa namvua nguo, lakini Idi aliposema habari ya ule mguu nimemwona kaka yangu vilevile, ananiambia Zuhura usiangalie, nenda kakae na mama

Mama Rahma: Wifi yangu 😭

Idi: Mama. Nilikuwa nahisi. Nakupigia sa hivi

Shangazi Zuhura: Ngoja kwanza baba. Namsubiri kaka.

Ami Suleiman: Nilijua Zuhura.

Ami Suleiman: Mimi ndiye niliyemwosha. Kuna mtu mmoja tu aliyekubali kuingia nami chumbani siku ile, wengine walisimama mlangoni, na sikuwalaumu, watu walikuwa wanaogopa hawajui. Alikuwa mwepesi kama mtoto. Nilinyamaza kwa ajili ya mama, mama akafa, nikaendelea kunyamaza kwa ajili yako, kumbe na wewe ulikuwa unanyamaza kwa ajili yangu.

Rahma: Ami. Shangazi. Sijui niseme nini. Poleni sana wazee wangu

Mama Rahma: Mungu amrehemu na ampe kauli thabiti, amin

Idi: Amin

Shangazi Zuhura: Amin. Kaka ile kanda iliishia wapi? Mi nilidhani walizichoma na nguo zake

Ami Suleiman: Ipo kwangu. Na gitaa lipo, shingo imepinda na nyuzi zimebaki mbili. Kanda utepe umekatika ndani lakini karatasi yake ipo na mwandiko wake ubavuni. Sikuichoma.

Rahma: Ami naomba nije Ijumaa na boti ya asubuhi. Ile kazi ya Freddie nitaimaliza kama ilivyo, lakini nataka kukaa na nyie wawili na simu ya kurekodia, mniambie alikuwa anacheka vipi, alikuwa anapenda nini, alipiga nyimbo zipi

Shangazi Zuhura: Basi na mimi napanda gari Alhamisi nije Dar tuvuke pamoja. Mwambie Ami yako asiiguse ile kanda mpaka nifike, nina kalamu na naujua mkono wake

Ami Suleiman: Njooni. Naifuta vumbi gitaa tu, kanda siigusi.