Mbona maji kwenye picha za Shahnama ni meusi?

mchoraji_wa_ukuta (Mombasa)
Wakuu, salaam. Mimi nachora mabango, na siku hizi sitoki kwenye picha za Shahnama, ule utenzi wa Ferdowsi wa wafalme na mashujaa wa Uajemi. Nimekuza kwenye simu baraza la mfalme Kayumars, kazi ya Sultan Muhammad wa Tabriz, miaka ya 1520. Watu wamevaa ngozi za chui, miamba imefurika hadi pambizoni, na ukitulia unaona nyuso zimejificha ndani ya mawe! Lakini katika picha nyingi za aina hii rangi zote zinawaka, maji tu ndiyo yamekuwa kama lami. Walikusudia? Na mistari myembamba vile ni brashi gani?

mama_wino (Toronto)
Hawakukusudia, ndugu yangu. Maji walipaka fedha halisi iliyosagwa. Mpya iling'aa kama kioo, lakini fedha ikikaa hewani miaka mingi hushika weusi. Dhahabu haibadiliki, ndiyo maana mbingu zao bado zinameremeta. Tazama na panga na kofia za vita: nyingi zilizo nyeusi leo zilikuwa fedha. Brashi ni manyoya ya kindi au paka, na karatasi ilisuguliwa kwa jiwe mpaka ikateleza. Buluu ile ni jiwe la lazuli lililosagwa, kutoka Badakhshan huko Afghanistan.

Picha yako iko huku kwetu, Makumbusho ya Aga Khan. Ukurasa wenyewe haufiki hata nusu mita.

mchoraji_wa_ukuta
Shukran sana dada. Imefikaje Toronto? Si ya kile kitabu cha Shah Tahmasp, mfalme wa Uajemi?

msomaji_wa_usiku
Ndicho. Kilikuwa na picha 258. Tahmasp alimtunuku Sultani Selim II wa Uthmania mwaka 1568, na kikadumu kizima karne nyingi. Mwaka 1959 Mmarekani Arthur Houghton akakinunua, kisha akakitenganisha kurasa. Picha 78 alizipa makumbusho ya Metropolitan ya New York, nyingine zikauzwa mojamoja. Irani ilipata 118 mwaka 1994 kwa kubadilishana na mchoro mmoja wa de Kooning, mchoraji wa kisasa wa Marekani.

Mimi hili linaniuma mno. Kwenye baraza lile Siyamak, mwana wa mfalme, amekaa salama kwa baba yake. Beti chache mbele anauawa na mwana wa shetani. Aliyeshika kitabu kizima aliyasoma hayo kwa mfululizo. Sisi tumebakiwa na ukurasa ukutani.

mama_wino
Kweli kabisa. Mchoraji, ukimaliza huyo mtafute Rakhsh, farasi wa shujaa Rostam, akipigana na simba bwana wake amelala. Iko British Museum. Angalia majani yalivyochorwa, jani kwa jani.