Saa za kugonga dakika: dhahabu au platinamu? Naomba ushauri kuhusu sauti

Mpenda_Majira:
Wakuu, habari zenu. Nataka kuchagua kati ya saa mbili za mkono zinazogonga saa, robo na dakika. Mtengenezaji ni mmoja na mashine ya ndani ni ileile, ila kasha la moja ni dhahabu nyekundu na la pili ni platinamu. Ya dhahabu inalia wazi, mlio unabaki hewani kidogo ndipo unakufa. Ya platinamu inasikika kama imefungiwa ndani, ingawa kwa sura ndiyo iliyoniteka. Je, sauti inaamuliwa na madini tu? Na fundi anaweza kuirekebisha?

Kamani:
Mkuu, umesikia vizuri. Platinamu ni nzito na inameza mtetemo. Dhahabu nyekundu inapendwa kwa utamu wa mlio, na titani, kwa wepesi wake, inaachia sauti kubwa. Ila usianzie kwenye kasha, anzia kwenye nyaya. Mle ndani kuna nyaya mbili za feleji zimezunguka mashine: wa sauti nene unahesabu saa, wa sauti nyembamba unahesabu dakika, na robo wanapokezana. Kila waya umeshikwa ncha moja tu, kwenye kisigino, yaani kitako kinachouunganisha na mashine. Kisigino kikilegea hata kidogo, mlio unafia palepale. Nyundo nayo igonge na kurudi papo hapo. Ikichelewa inaukaba waya. Na waya ukigusa kasha au mwenzake, utasikia mchakacho. Hayo yote fundi mzuri anayamaliza. Uzito wa platinamu hana la kuufanya.

Sikio_Pevu:
Naongezea kwa Kamani. Mtetemo unatoka kwenye waya, unapita kisigino, bamba la mashine na kasha, ndipo ufike hewani, na kila kiungo kinakata chake. Ndiyo maana watengenezaji saa Jaeger-LeCoultre waliunganisha nyaya na kioo chenyewe. Chopard, kwenye Full Strike ya 2016, walichonga kioo na nyaya kutoka kipande kimoja cha yakuti. Na kuhusu platinamu, itazame Patek Philippe 5750 ya 2021: kasha ni platinamu, lakini mtetemo unapelekwa kwenye sahani nyembamba ya yakuti na kutokea pembeni, bila kulitegemea kasha. Wenyewe wanasema inasikika mita 60, wakati ya kawaida ni mita 10. Kwa hiyo platinamu inaweza kulia, ila mashine iwe imebuniwa hivyo tangu mwanzo. Hiyo yako, kama ni mashine ileile ya dhahabu, haikubuniwa hivyo.

Mpenda_Majira:
Asanteni sana. Muuzaji anasisitiza kwamba ya platinamu haipitishi maji. Hiyo nayo inaingia kwenye sauti?

Kamani:
Inaingia. Mpira wa kuzuia maji unakaa kati ya kasha na mfuniko wa nyuma, na mpira kazi yake ni kutuliza mtetemo. Nyingi ya saa hizi zinakingwa vumbi na unyevu tu, basi.

Dada_Nyundo:
Kaka, ukirudi kusikiliza, omba zote zipelekwe 12:59. Hapo zinagonga mapigo mengi kuliko wakati wowote: 12 ya saa, robo tatu za mapigo mawili mawili, kisha 14 ya dakika zinazobaki baada ya robo, jumla 32. Sikiliza mwendo. Mapigo ya mwisho yakivuta miguu, kuna nguvu inayopotea njiani, mara nyingi ni mafuta yaliyoganda. Sikiliza pia nafasi kati ya mapigo: ukisikia mvumo kama wa nyuki, hicho ni kidhibiti mwendo, kifaa kinachopanga kasi ya mapigo, cha mtindo wa zamani. Vya kisasa vinavyozunguka huwa karibu kimya, na ukimya huo unaupa mlio nafasi.

Zote mbili uzishike kwa mkanda, zining'inie, kisha uzivae, maana nyama ya mkono nayo inameza. Sukuma kitelezi, kile cha ubavuni mwa kasha kinachoanzisha kugonga, mpaka mwisho, na usiguse mishale saa ikiwa inagonga, utavunja meno ya ndani. Video usiziamini, simu inabana sauti kubwa na kuinua ndogo, saa mbili tofauti zinatoka sawa.

Mpenda_Majira:
Nimekupata, dada. Ya platinamu ikivuma je, niiache?

Dada_Nyundo:
Mvumo peke yake si ubovu. Ukikuta mvumo mkubwa na mlio mfupi, chukua ya dhahabu.