Pesa ya ruzuku tumelipa Disemba, mbolea imekuja mpunga ushatoa mashuke

Assalaam alaykum wadau. Nina hasira, nikikosea adabu mnistahi.

Huku Pemba mie na bi mkubwa tunalima mpunga wa mvua, eka moja na nusu. Bonde silitaji, bado nalima humo na sheha ni jirani. Disemba tuliitwa kuandikishwa ruzuku: kuchimba na kuburuga kwa trekta, mbegu, dawa ya magugu, mbolea. Serikali inabeba sehemu yake, mkulima anatanguliza yake. Bi mkubwa akauza mbuzi wawili, tukatanguliza. Risiti ninayo, nimeitia plastiki kama cheti cha kuzaliwa.

Januari trekta hakuna. Februari likaja moja, likachimba siku tatu upande wa barabarani, likazima. Mara mafuta, mara jembe limevunjika, mara dereva kaitwa bonde jengine. Masika nayo haingoji kikao cha mtu. Machi maji yamejaa, hata lingekuja lingezama. Nikakodi ng'ombe wa watu kwa pesa taslimu. Ile niliyotanguliza hairudi, ati "ishaingia kwenye mfumo".

Tukasia nyuma ya watu. Mkulima wa mpunga anaelewa: wenzio wakishavuna, ndege wa bonde zima wanahamia kwako. Bi mkubwa, na miaka yake 63, kashinda juani wiki tatu anaamia kwa debe bovu.

Lakini lililonitia wazimu ni mbolea. Urea inataka mpunga ungali unachipua, na mara ya mwisho kabla haujatunga mimba. Yetu imefika mwisho wa Juni, mashuke yako nje. Bwana shamba mwenyewe kanambia:

"Sheikh, ukiitia sasa unalisha ndago."

"Sasa niifanye nini?"

"Iweke ya mwakani."

Urea! Kwenye nyumba ya makuti, na unyevu huu wa kwetu! Njooni muione: kiroba kimeganda jiwe, chini kinachuruzika maji, kuku wanakikimbia. Na wala si mifuko mizima. Tulilipia mifuko miwili ya kilo 50. Siku ya kugaiwa mfuko mmoja ukapimwa kwa ndoo watu watatu, saini tukatiliwa ya miwili. Aliyeuliza aliambiwa kama hutaki, wapo wanaotaka.

Orodha walibandika ukutani, nikaisoma jina kwa jina. Mna mzee tuliyemzika mwaka juzi (Mungu amrehemu, labda kule kuna mabonde). Mna mwenye duka la saruji, sijapata kumuona kashika jembe. Wanawake watatu wa upande wa chini, wanaolima tangu mie sijazaliwa, hawamo.

Msinambie serikali haitoi. Inatoa, magunia tunayaona kwenye taarifa ya habari. Nataka kujua yanalala wapi kuanzia Disemba mpaka Juni, na nani anayafungua.

Mwaka jana, bila ya ruzuku, tulipata magunia saba. Safari hii manne. Sisi wenye bonde tunakula mchele wa mapembe wa dukani.

Juzi tumeitwa tena kujiandikisha msimu ujao: picha mbili, kopi ya kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na pesa mkononi. Bi mkubwa kaniuliza twende? Nimemwambia majina tutatoa. Pesa wataipata siku nikilisikia trekta linanguruma kwenye ploti yangu.