Mkopo wa vijana ununue kompyuta za gemu? Tujadili, watu wa Kusini

Kijana wa Chikongola: Ndugu zangu wa Mtwara, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi chetu kinataka kuomba mkopo huo tununue kompyuta nne za gemu, tufungue ukumbi. Wazee wa mtaa wanasema huo ni uvivu unaonunuliwa kwa ushuru wa mama wa sokoni. Mimi nasema ni kitendea kazi kama cherehani, ila lazima ziundwe kwa hesabu na zipimwe kabla ya mtu kulipia.

Tumeshaunda moja kwa michango yetu: prosesa Ryzen 5 5600, kadi ya picha RX 6600, ramu (kumbukumbu ya muda) GB 16, pawa saplai ya wati 550. Siku ya kwanza gemu ya mpira ilienda kwa kushtuka-shtuka, tukailaumu kadi. Kumbe kosa letu. Vipande viwili vya ramu tulivichomeka kwenye nafasi zinazofuatana, vikawa vinapita njia moja badala ya mbili, na XMP, mpangilio unaoiruhusu ramu ifike kasi yake kamili, hatukuiwasha, kwa hiyo ramu ya kasi ya 3200 ilikuwa ikikimbia 2133. Tukahamisha kipande kimoja, tukaingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, tukawasha XMP, tukapima upya: saa nane mchana, kasha limefungwa, feni ya ukutani imezimwa, saa nzima bila kupumzika. Wastani wa fremu, yaani picha kwa sekunde, haukupanda sana. Zile za chini kabisa, ambazo ndizo mchezaji anazihisi mkononi, zilitoka 31 hadi 58. Joto la prosesa likaishia nyuzi 82, na kikomo chake ni 90. Kwa jua letu, hicho ndicho kipimo ninachokiamini.

Fundi Lindi: Kaka, kazi nzuri, lakini kwa nini usichukue mashine za ofisi za mtumba ukaongeza kadi? Fedha ya umma ibanwe.

Kijana wa Chikongola: Nilianzia huko, fundi. Nyingi zina pawa saplai ndogo na hazina waya wa kulisha kadi inayotaka umeme wa ziada. Kuibadilisha nayo ni shida, maana plagi zake si za kawaida. Nafuu yote inaishia hapo. Bora tubane kwenye kasha na taa za mapambo, tusibane kwenye pawa saplai na stabilaiza. Umeme ukicheza, hivyo ndivyo vinavyookoa kadi.

Mama Shangani: Mwanangu, mimi hayo ya fremu nakuachia. Nina mawili. La kwanza, watoto wenye sare asubuhi. La pili ndilo zito: hapa fedha inaonekana korosho zikiingia mnadani, kuanzia Oktoba. Machi kijana hana hata nauli ya bajaji. Rejesho la Machi litatoka wapi? Mkishindwa, kikundi kingine kinakosa.

Kijana wa Chikongola: Mama, shikamoo. Mwenye sare hataingia, hilo halina mjadala. La Machi nilitaka kujibu kwamba mashine hizo hizo zitahariri video za harusi, nikakumbuka harusi nazo zinafuata korosho. Kwa hiyo nimekaa na daftari tena. Mashine nne zinanishinda kuanzia Februari. Mbili, pamoja na ile tuliyonayo, zinawezekana tukiweka akiba theluthi ya mapato ya msimu.

Fundi Lindi: Mbili sawa. Zipime kama ile ya kwanza, saa nzima, kabla hujasaini mapokezi.

Mama Shangani: Marahaba. Mbili nitazisemea kwenye mkutano wa mtaa. Hilo sharti la sare libandikwe mlangoni kabla ya siku ya kufungua.